Jicho linaweza kufa na wewe usijue: tunavyoona, na kwa nini kungoja maumivu ni hatari

Mjomba wangu anakaa Busia, upande wetu wa Uganda, na ameendesha lori karibu maisha yake yote. Siku moja kiangazi upepo ulimpulizia vumbi kwenye jicho la kulia, akalifumba alisugue kidogo, na hapo hapo dunia ikapotea. Jicho la kushoto lilikuwa wazi kabisa lakini alichoona ni ukungu wa kijivu na kipande kidogo cha mwanga huko pembeni, basi. Akadhani vumbi limeingia macho yote mawili. Alinawa, akangoja, akajaribu tena kesho yake, ni vile vile, na alipofika kwa daktari wa macho akaambiwa lile jicho la kushoto limeondoka muda mrefu, pengine miaka, na hakuna dawa ya kulirudisha. Muda wote huo alikuwa barabarani na lori, usiku na mchana, na hakuhisi chochote.

Mimi hilo swali halikuniacha. Mtu anapotezaje jicho zima bila kujua? Jino likiuma kidogo tu hulali, mwiba ukiingia kidoleni unaujua saa hiyo hiyo, sasa jicho, kitu tunachokipenda kuliko vyote, mpaka tunamwita mtoto mpendwa mboni ya jicho, linaondokaje kimya kimya hivyo? Nikaanza kusoma na kuuliza wasawo, yaani madaktari, na jibu linaanzia kwenye kitu ambacho wengi hatukufundishwa vizuri shuleni, kwamba jicho lenyewe halioni. Jicho linakusanya mwanga tu, anayeona ni ubongo, na ubongo ukikosa habari haukwambii umekosa, unajaza tu.

Ili nielewe nilienda bucha tunakonunuaga nyama nikaomba jicho la ng'ombe, nikapewa mawili bure. Kama una watoto wanaosoma sayansi fanya nao hii kitu, ni bora kuliko mchoro wowote. Jicho la ng'ombe ni kubwa kuliko la mtu, letu lina urefu wa kama milimita 24 hivi kutoka mbele kwenda nyuma, lakini ramani ni karibu ile ile. Mbele kuna kioo kigumu kinachoitwa konea. Nilipokigusa na wembe nilishangaa kilivyo kigumu, kama plastiki nene, na watu wengi wanadhani lenzi ya ndani ndiyo inayofanya kazi yote ya kupinda mwanga, kumbe karibu theluthi 2 ya kazi inafanywa na hiki kioo cha mbele, lenzi inamalizia tu. Konea haina mishipa ya damu hata mmoja, ndiyo maana ni safi vile, na oksijeni yake inaipata hewani kupitia machozi. Kwa hivyo ukikwaruza konea, kovu likabaki katikati, hata kama vitu vingine vyote ndani ni vizima, dirisha limeshachafuka.

Nyuma ya konea kuna ile duara yenye rangi, na katikati yake mboni, ambayo sio doa jeusi, ni tundu. Umeme ukienda usiku linapanuka mpaka kama milimita 8, ukitoka juani linajibana mpaka kama milimita 2. Halafu inakuja lenzi. Niliitoa kwenye jicho la ng'ombe ikiwa nzima, inateleza, iko kama gololi ya kuchezea iliyokandamizwa, ngumu kidogo na safi kama maji. Nikaiweka juu ya gazeti na herufi chini yake zikawa kubwa! Mtoto wa dada yangu alisogeza ile lenzi mstari mzima akisoma kupitia jicho la ng'ombe, hakutaka kuachia.

Nyuma ya lenzi kuna ute mzito kama ute wa yai bichi, ukimwagika ndio unafika ukutani, na pale ukutani ndipo penye utajiri. Kuna ngozi laini nyembamba kama karatasi ya sigara iliyolowa, hiyo ndiyo retina. Ng'ombe ana kitu cha ziada nyuma yake, tabaka linalong'aa bluu na kijani kama petroli iliyomwagika juu ya maji, ndilo linalofanya macho ya ng'ombe na paka yawake usiku ukimulika na taa ya boda. Binadamu hatuna hilo. Lakini retina tunayo, na kwenye kila jicho ina seli kama milioni 120 za kuona kwenye mwanga hafifu, ziitwe za fimbo, na kama milioni 6 za rangi na mwanga mkali, ziitwe za koni. Picha inatua hapo ikiwa kichwa chini miguu juu, Kepler alilieleza hilo tangu 1604, na kabla yake, miaka 1000 iliyopita, Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefanya kazi zake nyingi Cairo, alishaonyesha kwamba mwanga unatoka kwenye vitu unaingia jichoni, sio jicho linalotuma miale nje kama watu wengi wa kale walivyoamini.

Sasa hapa ndipo niliposimama. Ukiivuta retina na kibano inabanduka yote kirahisi, yote isipokuwa sehemu 1. Kuna mahali padogo imeshikilia na haitoki. Hapo ndipo nyuzi zote za neva zinapokusanyika na kutoka nje ya jicho kwenda kwenye ubongo, kama nyuzi milioni 1 hivi kwa kila jicho la mtu, na kwa sababu mahali hapo pamejaa waya hakuna nafasi ya seli za kuona. Yani kila jicho zima, lako na langu, lina tundu ambapo halioni kabisa.

Huamini? Chukua karatasi, chora alama ya X upande wa kushoto na doa jeusi upande wa kulia, yaachane kama sentimita 8. Fumba jicho la kushoto, kodolea ile X kwa jicho la kulia, halafu sogeza karatasi polepole kutoka urefu wa mkono kuja usoni bila kutoa jicho kwenye X. Ikifika kama sentimita 30 hivi lile doa litapotea. Na angalia kitu kimoja, pale doa lilipokuwa huoni giza, huoni tundu, unaona karatasi nyeupe! Hiyo nyeupe haikutoka kwenye jicho, ubongo umeangalia majirani wa lile tundu ukasema hapa patakuwa peupe tu, ukapapaka rangi.

Ndicho kilichompata mjomba, tena kwa ukubwa wa jicho zima.

Ugonjwa wake unaitwa glakoma, wengi wanaita presha ya macho, na jina hilo linachanganya watu kwa sababu sio ile presha ya damu. Unaweza kuwa na presha ya damu ya kawaida kabisa na presha ya jicho iko juu. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa kila wakati na kutoka kila wakati kupitia kimfereji kidogo pembeni mwa ile duara ya rangi. Mfereji ukianza kuziba maji yanaendelea kuja, msukumo unapanda, na zile nyuzi milioni 1 pale nyuma zinaanza kufa moja moja. Kipimo cha kawaida ni kati ya 10 na 21, ingawa kuna watu neva zao zinakufa hata kipimo kikiwa kawaida, ndiyo maana daktari mzuri haishii kwenye namba, anamulika nyuma aangalie neva yenyewe. Aina iliyo nyingi kwetu hukaa kimya, haiumi, jicho haligeuki jekundu, na inaanzia pembeni mwa unachokiona, kule ambako hata kwa mtu mwenye macho mazuri picha huwa hafifu. Maana ukweli ni kwamba tunaona kwa ukali sehemu ndogo sana, kama upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono, nyingine yote macho yanarukaruka kukusanya na ubongo unaunganisha. Kwa hivyo pembeni pakipotea kidogo kidogo ubongo unapaka rangi, na jicho la pili linamfunikia mwenzake, na mtu anaendelea kusoma, kuhesabu pesa, kuendesha gari, huku neva inaisha. Waafrika tunapata huu ugonjwa zaidi na mapema zaidi kuliko watu wengi, na ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja anao, hatari yako inapanda mara kadhaa. Kilichokufa hakirudi. Kilichobaki kinalindwa, kwa matone ya kila siku au operesheni.

Kwa watoto kuna jambo linalofanana na hili na linaniuma zaidi. Mtoto akizaliwa na jicho 1 lenye makengeza, au jicho 1 linahitaji miwani sana kuliko lingine, ubongo unapokea picha 2 zisizolingana, na badala ya kuhangaika unachagua jicho zuri na kulipuuza lingine. Ukilipuuza miaka kadhaa njia zake kwenye ubongo hazikui, na hata ukija kumpa miwani akiwa na miaka 15 jicho halioni vizuri, sio kwamba jicho ni bovu, ni ubongo haukujifunza kulitumia. Likigunduliwa kabla ya miaka 7 au 8 linatibika vizuri, mara nyingi kwa miwani na kuziba lile jicho zuri masaa fulani kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Mzazi unaweza kujaribu nyumbani leo. Mfunike mtoto jicho 1 kwa kiganja akiwa anaangalia katuni, halafu lingine. Akitulia ukifunika la kushoto, lakini akatoa machozi na kusukuma mkono ukifunika la kulia, amekwambia kila kitu. Tena mama akimpiga mtoto picha na simu yenye flashi mboni 1 ikatoka nyeupe badala ya nyekundu, na ikarudia kwenye picha nyingine, usingoje, inaweza kuwa saratani ya retina, na hiyo ikiwahiwa mara nyingi mtoto anapona. Hospitali ya macho ya Ruharo kule Mbarara wametibu watoto wengi wa aina hiyo.

Sio upofu wote haurudi, na hapa kuna habari njema ambayo wazee wengi vijijini hawajaambiwa. Mtoto wa jicho ni ile gololi ya lenzi imegeuka nyeupe. Ndani yake kuna protini zilizopangika vizuri mpaka mwanga unapita, na kwa umri, au sukari, au kupigwa jichoni, zinavurugika. Umemwona kijana wa rolex, ile chapati ya mayai, akimwaga yai kwenye pani, ule ute safi unavyogeuka mweupe? Ni kitu cha namna hiyo, isipokuwa hiki kinachukua miaka. Na kama yai lililoiva, hakuna matone wala mitishamba ya kulirudisha kuwa bichi, ila lenzi inatolewa na kuwekwa ya plastiki, operesheni ya dakika chache na sindano ya ganzi tu. Wazo la kuweka plastiki lilitoka vitani. Daktari Harold Ridley wa Uingereza aliona marubani walioingiwa na vipande vya plastiki ya dirisha la ndege machoni, na macho hayakuvikataa, akaweka lenzi ya kwanza ya plastiki mwaka 1949 pale London. Leo jaja, yaani bibi au babu, aliyekuwa anashikwa mkono kwenda chooni anaweza kuamka kesho yake akakwambia shati lako lina doa. Kinachouma ni kwamba wapo wanaokaa tu nyumbani miaka, familia inasema ni uzee.

Uzee halisi wa jicho ni mwingine, mdogo tu. Ukifika miaka 40 na kitu lenzi inakuwa ngumu, haiwezi kujikunja tena kuangalia karibu, unaanza kusogeza simu mbali, fundi cherehani anaita mtoto amtungie sindano. Miwani ya kusomea inamaliza hilo na haiharibu macho, maneno kwamba ukianza miwani macho yanazoea kudhoofika sio kweli.

Vitu vinavyouma na kutisha mara nyingi ndivyo vinavyopita. Mwaka 2024 macho mekundu yalipita Uganda, jirani zetu nyumba nzima waliamka kope zimeshikana, na ugonjwa huo mara nyingi ni virusi, unaondoka wenyewe ndani ya wiki 1 au 2 ukinawa mikono na kuacha kushiriki taulo. Hatari ilikuwa kwenye walichojitibia. Kuna aliyeweka maji ya majani, kuna mama aliyekamua maziwa yake kwenye jicho la mtoto, kuna walioweka mkojo. Konea ikishachubuka halafu ukaipelekea bakteria hivyo, unatoka kwenye ugonjwa wa wiki 1 unaingia kwenye kidonda kinachoacha kovu jeupe la maisha. Na mwingine alienda duka la dawa akapewa matone yenye deksamethasoni, dawa ya aina ya steroidi, yanafanya jicho kuwa jeupe na kutulia haraka sana mpaka unayapenda, mwasho ukirudi unayanunua tena, miezi inapita, na dawa hizo zikitumika muda mrefu bila kupimwa zinapandisha presha ya jicho. Watoto wenye mzio wa macho wamepofuka hivyo, kwa dawa iliyokuwa inawapa raha. Ukiuziwa matone yoyote uliza kama ni steroidi.

Pale Katwe, Kampala, ukipita utaona vijana wanachomelea milango bila kioo, anafumba jicho 1 au anageuza shingo pembeni. Ule mwanga unachoma konea na husikii chochote saa ile, unaenda nyumbani, unakula, na usiku wa manane ndio unahisi kama mchanga umemwagwa ndani ya kope. Hiyo inapona kwa siku 1 au 2. Jua ni baya zaidi kwa sababu linafika retina, na retina haina neva za maumivu, inaungua bila wewe kujua. Jua lilipopatwa tarehe 3 Novemba 2013 na watu wakakusanyika Pakwach, huku Uganda, ndiyo maana miwani maalumu ilisisitizwa vile, miwani ya jua ya kawaida haitoshi hata kidogo. Ukimwagikiwa asidi ya betri au chokaa, usitafute gari kwanza, tafuta maji safi, osha jicho likiwa wazi dakika 15 mpaka 30 mfululizo, halafu ndio uende. Kwa waendesha boda, miwani ya plastiki ya bei rahisi inakuokoa na mawe na wadudu, vaa tu.

Simu haipofushi. Ila ukiikodolea unasahau kupepesa, machozi yanakauka, ndio ule moto wa jioni, kwa hivyo kila dakika 20 angalia mbali kama mita 6 kwa sekunde 20. Kwa watoto ni tofauti kidogo, jicho lao bado linakua, na mtoto anayekaa ndani muda wote akiangalia karibu anaweza kupata jicho refu kuliko inavyotakiwa, lisiloona mbali vizuri. Milimita 1 tu ya ziada inataka miwani ya kama minus 2 na nusu mpaka 3. Kucheza nje kwenye mwanga wa mchana kunasaidia kuzuia, hilo limeonekana mara nyingi.

Chakula nacho, kwa ufupi. Zile seli za fimbo zinatumia vitamini A kutengeneza rangi inayonasa mwanga, ukikosa unaanza kushindwa kuona jioni na baadaye konea yenyewe inakauka. Hapa kwetu dawa iko shambani, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo Dkt Robert Mwanga, Mganda mwenzetu, alishiriki Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi hiyo. Kiazi hakitoi minus kwenye miwani yako, lakini kinamlinda mtoto na upofu wa usiku. Na kunawisha mtoto uso, hasa mikoa yetu ya Karamoja na Busoga ambako trakoma, ugonjwa wa macho wa bakteria, ilitesa watu sana, nzi wanabeba wale bakteria kutoka jicho hadi jicho, na baada ya kuambukizwa mara nyingi kope inajikunja ndani, kila ukipepesa nywele zinakwangua konea.

Baada ya ile habari ya mjomba daktari alisema ndugu zake wote wapimwe. Mama yangu ni dada yake wa tumbo moja. Alikataa mara 3, anasema yeye anasoma Biblia yake na miwani, anaona mpaka upande wa pili wa barabara, apimwe nini? Mara ya 4 nilimchorea ile X na doa. Alisogeza karatasi, akanyamaza, akarudia na jicho lingine, akaniuliza, "Kwa hiyo hata mimi naweza kuwa na shimo nisilolijua?" Tulienda Jumatatu yake. Presha ya jicho la kulia ilikuwa 28, la kushoto 31, na kwenye ile mashine ya kubonyeza ukiona taa hakubonyeza taa kadhaa za pembeni upande wa kushoto, mwenyewe anaapa hazikuwaka. Nyingine zote alibonyeza.

Sasa kila usiku saa 3 habari zikianza anaegemea kwenye kochi, anavuta kope ya chini, tone 1 kila jicho, halafu anabana kona ya ndani karibu na pua kwa kidole kama dakika 2 ili dawa isitelemke kooni. Na kabla hajatoa kidole simu inalia, ni mjomba kutoka Busia, "Dada, umeshaweka?"